Nimeupeleka ulimi mazoezini, shemeji yenu kapata usingizi!

Ukisikia mke wa mtu halali usiku, tena miezi minne tu baada ya ndoa, najua utakachofikiria. Utasema jamaa anachelewa kurudi, au kuna nyumba ndogo mtaa wa pili. Wewe acha tu. Shemeji yenu alikuwa halali kwa sababu nyingine kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa pale pale kitandani, nimelala fofofo.

Nilikuwa nakoroma. Tena si kule kukoroma kwa kistaarabu ambako mtu akikugusa kidogo unanyamaza. Mwanzoni ilikuwa utani. Kwenye fungate letu pale Bagamoyo mwenzangu alicheka, akaniita trekta. Mwezi wa pili akaanza kuwahi kitandani kabla yangu, eti usingizi umchukue mapema. Mwezi wa tatu nikamkuta sebuleni saa 9 usiku, kajifunika khanga kwenye kochi, anaangalia ukuta. Nikamwuliza kulikoni, hakunijibu. Asubuhi yake tukiwa mezani, chai na chapati, akatoa simu, akaniwekea sauti aliyonirekodi usiku.

Jamani! Ilianza kama lori la mchanga linapanda Kitonga. Linavuta, linavuta, halafu likazimika ghafla. Kimya. Katika kile kimya nikamsikia yeye akinong'ona: "Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne..." Alipofika 31 ndipo nikaibuka na mkoromo mmoja mkali, kama mtu aliyevutwa kutoka majini, nikageuka upande wa pili, lori likawashwa upya.

"Nikilala," akaniambia, "nani atakuhesabia?"

Chapati ilinikaa kooni. Hapo ndipo mambo mengine yote yakaanza kujipanga. Kuamka na kichwa kizito kila asubuhi kama niliyekesha kwenye pombe. Kusinzia kwenye daladala hadi napitishwa kituo. Kusinzia kikaoni, bosi anazungumza na mimi namwitikia kwa kichwa bila kujua nakubali nini. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba ni kazi nyingi tu, na joto la Dar.

KOO LINALOFUNGA DUKA

Daktari tuliyemwona hakushtuka hata kidogo. Alimsikiliza mke wangu kuliko alivyonisikiliza mimi, na baadaye nikaelewa kwa nini: mgonjwa wa maradhi haya ndiye shahidi wa mwisho kujua, kwa sababu wakati tukio linatokea yeye amelala. Nikapewa kifaa cha kwenda kulala nacho nyumbani. Mkanda kifuani, kimrija puani, kibanio kwenye kidole cha kupima hewa ya oksijeni damuni. Nilionekana kama redio iliyofunguliwa na fundi. Majibu yakatoka: kwa wastani pumzi ilikuwa inaziba, kabisa au kwa sehemu kubwa, mara 19 kila saa.

Msomaji wangu, ngoja tuelewane hapa maana ndipo penye siri ya habari yote. Ukiwa macho, misuli ya ulimi na ya koo inafanya kazi ya kushikilia njia ya hewa iwe wazi, hata kama wewe hujui. Ukilala inalegea. Kwa watu wengi kulegea huko hakuna shida. Ila kama njia yenyewe ni nyembamba, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini na kile kilimi vinaning'inia, na kila ukivuta hewa kuta za koo zinanyonywa kwa ndani. Chukua mpira laini wa kumwagilia maua, unyonye kwa nguvu, utaona kuta zinagusana. Ndivyo inavyokuwa. Pumzi inakatika sekunde 10, 20, wengine zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unapiga kengele, unashtuka nusu bila kujitambua, koo linafunguka kwa ule mkoromo mkali, unalala tena. Na tena. Na tena.

Madaktari wanaita hali hii apnia ya usingizini, ile ya aina ya kuziba. Wanaihesabu kwa saa moja: chini ya mara 5 mtu mzima hana neno, 5 hadi 15 ni nyepesi, 15 hadi 30 ni ya kati, kupita 30 ni kali. Kwa hiyo mimi na 19 zangu nilikuwa wa kati. Usicheke, hatuko wachache. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwenye jarida moja la Lancet kwamba watu wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye hali hii duniani wanakaribia bilioni moja. Wengi hawajui, wanajua tu wanakoroma.

Na si habari ya makelele peke yake. Shinikizo la damu linapanda, moyo unataabika, hatari ya kiharusi inaongezeka, na mtu aliyeshtuliwa mara mia usiku anaenda kusinzia mchana, pengine akiwa ameshika usukani. Hilo la usukani nitalirudia huko mbele, maana lina mtu wake.

Sababu? Unene ni ya kwanza, hasa shingo. Mwanaume ambaye shingo yake inafika inchi 17, sawa na sentimita 43 hivi, daktari anamtazama kwa jicho la pili. Hata ulimi unanenepa, usishangae! Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza kwamba wagonjwa waliopunguza uzito walipata nafuu kwa sehemu kubwa kwa sababu mafuta yalipungua ndani ya ulimi. Lakini wembamba nao wamo: mwenye taya dogo, mwenye mafindofindo makubwa, mwenye kurithi umbo la koo kutoka kwao. Pombe nayo inalegeza misuli zaidi, na kulala chali ndiyo unamalizia.

MASHINE AU MDOMO?

Dawa kuu, daktari akaniambia, ni mashine ya CPAP. Unavaa kibarakoa puani, inakupulizia hewa yenye msukumo usiku kucha, na ule msukumo unalishikilia koo lisifunge. Aliyeibuni ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980 kule Sydney, na mashine za mwanzo ziliendeshwa kwa mota ya mashine ya kufyonzea vumbi. Kwa kweli inafanya kazi. Ukiivaa, pumzi inaacha kukatika usiku ule ule.

Tatizo ni kwamba bei niliyotajiwa ingeninunulia bodaboda iliyotumika, yenye hali nzuri tu. Halafu kuna umeme wetu wa kukatika. Halafu, niseme ukweli, kijana una miezi minne ya ndoa unavaa barakoa kitandani kama rubani wa ndege ya kivita... nikaomba muda wa kufikiri. Tena nilishaanza kuulizia mkopo kazini.

Ni katika huo muda wa kufikiri mshikaji wangu mmoja akaniambia kuna mazoezi ya koo. Nikamcheka. Koo lina mazoezi? Nikarudi kwa daktari na swali hilo nikitegemea naye atacheka. Hakucheka. Akasema: "Yapo, na yamepimwa. Ila nisikilize hadi mwisho."

Basi bwana, habari yenyewe ndiyo hii. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo, Brazil, wakiongozwa na mtaalamu wa tiba ya usemi aitwaye Kátia Guimarães, walichapisha utafiti wa wagonjwa 31 wa apnia ya kati. Waliwagawa kwa kura. Kundi moja lilifanya mazoezi ya ulimi, kaakaa, mashavu na koo kwa miezi 3, kama nusu saa kila siku. Kundi la pili likapewa mazoezi ya kuzuga, yaani kuvuta pumzi ndefu na kusafisha pua. Waliofanya mazoezi ya kweli walishuka kutoka wastani wa mara 22 na ushee kwa saa hadi karibu 14. Hata shingo zao zilipungua kidogo, ingawa uzito wa mwili haukubadilika. Kundi la kuzugwa halikupata nafuu hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, kulikuwa na kisa cha kuchekesha zaidi. Kule Uswisi mwalimu mmoja wa kupuliza dijeridu, lile zumari refu la gogo la wenyeji asilia wa Australia, aligundua kwamba yeye mwenyewe na baadhi ya wanafunzi wake wanakoroma kidogo na hawasinzii mchana kama zamani. Watafiti wakalichukua jambo hilo kwa uzito. Wagonjwa 25, wengine wakafundishwa kupuliza, wengine wakawekwa kwenye foleni ya kusubiri. Baada ya miezi 4 ya kupuliza karibu kila siku, wapulizaji walisinzia mchana kidogo zaidi, pumzi zilikatika mara chache zaidi, na waliolala nao vyumba vimoja walikiri kwamba usiku umepoa. Utafiti ulitoka kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, na mwaka 2017 ukapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa sayansi inayoanza kwa kukuchekesha halafu inakufikirisha. Kipengele walichopewa? Amani! Mwenye ndoa ataelewa.

Nilipofika hapo nikawakumbuka wapiga zumari wetu wa Pwani. Yule mzee harusini anapuliza dakika nzima bila kupumzika, mashavu yamejaa, huku anavuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo mbinu ya dijeridu. Na kuna zaidi: mwaka 2012 Marekani waliwahoji wanamuziki 906, ikaonekana wanaopuliza ala zenye matete mawili wana hatari ndogo ya apnia kuliko wenzao, na kadiri walivyopiga kwa saa nyingi ndivyo hatari ilivyopungua. Wa tarumbeta hawakuonekana na bahati hiyo. Zumari ni ya matete mawili. Lakini wale walijaza dodoso tu, hawakupimwa usingizi, kwa hiyo usikimbilie Tanga kununua zumari kesho asubuhi.

HAYA, TOA ULIMI

Nilichofanya mimi ni lile zoezi fupi lililojaribiwa hapo hapo Brazil na kuchapishwa mwaka 2015, dakika 8 mara tatu kwa siku. Lile walilipima kwa watu wanaokoroma tu au wenye apnia nyepesi na ya kati, na baada ya miezi 3 mikoromo ilipungua kwa zaidi ya theluthi.

La kwanza, ncha ya ulimi unaigusisha nyuma ya meno ya juu, unaiburuza kwenye kaakaa kwenda nyuma, mara 20. La pili, unaunyonya ulimi wote juu hadi ubandike kwenye kaakaa kama chura aliyebandikwa ukutani, mara 20. La tatu, ncha inabaki kwenye meno ya chini na shina la ulimi unalikandamiza chini, mara 20. La nne ndilo la aibu: unafungua mdomo mbele ya kioo na kusema "A" kwa kukatakata, kaakaa laini na kilimi vipande juu uvione kwa macho, mara 20. La tano, kidole ndani ya shavu, unasukuma shavu nje na lenyewe linakaza kurudi, mara 10 kila upande. Halafu wakati wa kula unatafuna pande zote mbili na kumeza ulimi ukiwa umegusa kaakaa, midomo haijikazi.

Ukisoma unaona rahisi. Si mchezo! Siku ya tatu nilikuwa na maumivu chini ya kidevu kama niliyebeba zege kwa taya. Zoezi la "A" nililifanyia chooni kazini mpaka mwenzangu akagonga mlango na kuuliza kama nahitaji msaada. Kwenye daladala la Mbagala nilikuwa nafanya lile la kubandika ulimi, mdomo umefungwa, nikidhani hakuna anayeona. Binti aliyekaa mkabala akahama kiti.

Wiki tatu za kwanza hakuna kitu. Shemeji yenu aliendelea kuhesabu. Nataka hili uliweke kichwani, kwa sababu wengi wanaishia hapo. Misuli ya koo ni misuli kama ya mkono. Hakuna aliyekwenda kunyanyua vyuma wiki moja akarudi na kifua. Na ukiacha, usitegemee faida ikusubiri.

Mwezi wa pili sauti ikaanza kushuka. Mwezi wa tatu akaacha kochi. Mwezi wa nne nikarudia kipimo na kile kifaa cha mikanda: kutoka 19 hadi 12. Si kupona, ni kuhama kutoka apnia ya kati kuingia nyepesi. Ila na mimi niwe mkweli. Katika miezi hiyo nilipunguza kilo 6, nikaacha bia za jioni, na mke wangu alinishonea mpira wa tenisi mgongoni kwenye fulana ya kulalia ili nikilala chali uniamshe. Sasa nani apewe sifa, ulimi, tumbo au mpira? Daktari aliponiangalia alisema anafurahi, niendelee na vyote, na nirudi baada ya miezi sita.

Wataalamu wenyewe wanakwenda kwa tahadhari hivyo hivyo. Mwaka 2015 tafiti ndogo ndogo zilikusanywa pamoja, na hesabu ikaonyesha kwamba kwa watu wazima mazoezi yanapunguza kukatika kwa pumzi kwa karibu nusu. Lakini mwaka 2020 wale wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupekua tafiti kwa darubini, walikuta tafiti 9 tu zenye watu 347, nyingi za muda mfupi. Wakasema yanaelekea kupunguza usingizi wa mchana, ila ushahidi bado haujakomaa. Nusu. Hebu lishike neno hilo.

BRAZA

Sasa nije kwa mtu wa usukani. Nina binamu yangu, namwita braza maana kanizidi miaka saba na ndiye aliyenifundisha mji. Anaendesha semi kutoka bandarini Dar hadi Tunduma. Shingo yake ndiyo ile ya inchi 17 na chenji. Utingo wake hulala nje ya kabini, chini ya tela, kwa sababu ndani hakulaliki. Mwaka jana braza alifumbua macho karibu na Ruaha Mbuyuni akakuta gurudumu la kushoto liko kwenye majani. Hakumwambia mtu isipokuwa mimi.

Nilimburuza kwa daktari wangu. Majibu: mara 41 kwa saa. Apnia kali. Daktari akamwambia bila kuzunguka: mashine, na mpaka aizoee asiguse lori.

Tulipotoka nje braza akanigeukia anacheka. "Dogo, si wewe ulijitibu kwa kutoa ulimi? Nipe hayo mazoezi, tusipoteze hela."

Ndiyo maana naandika makala hii, kusema kweli. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimejisifu kila kijiwe kwamba ulimi umeniponya. Nikachukua karatasi ya majibu, nikamwandikia kwa nyuma: 41, gawa kwa 2. Tuseme mazoezi yakubali kwako vizuri kabisa, unabaki na 20 na ushee. Hiyo ni zaidi ya niliyokuwa nayo mimi nilipokwenda hospitali! Na hiyo nafuu unaisubiri miezi mitatu, wakati keshokutwa una mzigo wa tani 30 kwenye mteremko wa Kitonga. Wale wagonjwa wa Brazil wa mwaka 2009 walikuwa wa kati, si wakali kama yeye. Na hata hao, kati ya 16 waliofanya mazoezi, 6 hawakuhama daraja.

Akanyamaza. Halafu akatoa lililomkaa moyoni. Tajiri akisikia ana ugonjwa wa kusinzia, lori anapewa mwingine. Watoto watatu wako shule. Kwa hilo sikuwa na hesabu ya kumwandikia.

Tulibishana wiki nzima. Shemeji zake waliingia, mama yetu mdogo akaingia, mpaka mke wangu akampigia na kumwekea ule mkanda wangu wa zamani wa trekta, na sauti yake akihesabu. Braza akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Huyu ni dogo?" Akaambiwa ndiyo. "Na mimi ndivyo?" Akaambiwa, wewe mara mbili yake.

Mwisho akakubali. Ule mkopo wa kazini niliokuwa nimeuulizia kwa ajili ya mashine yangu niliuchukua kwa ajili yake, analipa kidogo kidogo. Akaomba likizo, kwa tajiri akasema ni mgongo, akalala na mashine nyumbani mpaka akaizoea, na daktari akamruhusu kurudi barabarani. Fundi umeme wa Tandika akamtengenezea waya wa kuiunganisha na betri za lori ili ilale naye kabini. Mazoezi pia anafanya, nimemwandikia, lakini juu ya mashine, si badala yake.

Safari ya kwanza aliondoka Jumatatu. Jumatano alfajiri simu yangu ikaita kutoka Makambako. Alikuwa utingo, analalamika. Usiku kucha hakufumba jicho, kalala ndani ya kabini kwa mara ya kwanza na kila baada ya saa alikuwa anaamka kumgusa bosi wake kifuani, maana yuko kimya mno.